Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Mikono ya Warushaji Wetu na Upangaji wa Kikosi

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, makocha wetu, na nyinyi vijana mliojibana huko nyuma,

Nawasalimu nyote. Katiba yetu inanitaka kila mwisho wa mwaka nisimame mbele yenu nieleze kamati ya klabu yetu ya besiboli imefanya nini. Mengi ya mwaka huu yamekwenda kama kawaida, nami nitayapita haraka. Habari za fedha mtazipata kwa mhazini. Uwanja tunaendelea kuazima. Glavu zilizofumuka tulimpelekea fundi viatu badala ya kununua mpya, na kazi yake imetulia kiasi kwamba wachezaji wanazigombania. Wanachama wapya wameongezeka, hasa akina mama, na hilo limetusaidia kwa namna nitakayoieleza mbele.

Muda wangu uliobaki nautumia kwa jambo lililotugawa: kwa nini siku ya fainali, mwezi wa nane, mrushaji wetu bora, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, alikaa benchi kuanzia mwanzo hadi mwisho huku tukifungwa 9 kwa 4. Nimepigiwa simu nyingi. Wapo walionisimamisha msikitini na wapo walionisubiri nje ya kanisa. Wapo waliosema kocha amehongwa. Kocha hakuhongwa. Alitekeleza uamuzi ambao sisi wenyewe tuliunyooshea mikono katika mkutano kama huu mwaka jana, na aliutekeleza akiwa peke yake, watu mia wakimpigia kelele. Namshukuru mbele yenu.

Nieleze tulifikaje hapo.

Mwaka jana, mwezi wa saba, mama mmoja alinifuata uwanjani jioni, akanivuta pembeni chini ya mwembe. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwenyekiti, mwanangu siku hizi anakula kwa mkono wa kushoto." Nyumba ile naijua. Bibi wa mtoto yule hawezi kuuona mkono wa kushoto kwenye sahani akanyamaza. Kijana wa miaka 14 kukubali kukaripiwa kila siku kwenye mkeka, lakini asiinue tonge kwa mkono wa kulia, maana yake maumivu yamemshinda na hataki mtu ajue. Alikuwa ameficha wiki kadhaa kwa kuogopa kutolewa kikosini.

Tulikwenda naye hospitali. Daktari aliweka picha ya eksrei kwenye mwanga, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu upande wa ndani wa kiwiko: palikuwa na ufa mwembamba kama unywele mahali mfupa ulipopaswa kushikana. Alitueleza vizuri, nami nawarudishia maneno yake. Mtu mzima akizidisha kurusha, kinachochanika ni kano inayofunga kiwiko kwa ndani. Mtoto anayekua bado ana gegedu laini pale mfupa unapoongezeka, na gegedu hilo ni dhaifu kuliko kano. Kwa hiyo kila mrusho unapovuta kano, kano inavuta kipande cha mfupa, mpaka siku kipande kinaachia.

Nilirudi nyumbani nikakaa na daftari. Kijana alikuwa akirushia timu ya shule Jumanne na Alhamisi, akija kwetu Jumamosi, na Jumapili akiitwa na timu ya marafiki mtaani. Nilimuuliza kila kocha. Kila mmoja alinijibu kwa dhamira safi kwamba kwake alirusha kidogo tu, na kila mmoja alisema kweli. Hakuna aliyejumlisha. Mimi niliyajua makundi yote matatu, nilikuwa nikipita kote, na sikujumlisha. Kosa hilo ni langu, na ndilo lililonifanya nilete pendekezo la kuhesabu mirusho.

Wanaosema tumejitungia sheria za kudekeza watoto, naomba mnisikilize hapa. Ligi ya watoto ya Little League ya Marekani iliacha kuhesabu iningi, yaani vipindi ambavyo kila timu hupata zamu yake ya kupiga, na kuanza kuhesabu mirusho mwaka 2007, kwa sababu iningi moja inaweza kuisha kwa mirusho 9 au ikafika 35, na mkono hauoni tofauti ya iningi, unaona mirusho. Mtoto wa miaka 11 na 12 mwisho wake ni mirusho 85 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 16 ni 95. Wa 17 na 18 ni 105. Kisha kuna mapumziko. Kwa vijana wa 15 hadi 18, akirusha 31 hadi 45 anapumzika siku moja, 46 hadi 60 siku mbili, 61 hadi 75 siku tatu, na kuanzia 76 siku nne. Hiyo ndiyo jedwali tuliyoichukua, bila kubadilisha tarakimu hata moja, ili asije mtu akasema kamati imepanga idadi kwa ajili ya mwanawe.

Msingi wake ni utafiti. Huko Birmingham, Alabama, Glenn Fleisig na wenzake walifuatilia warushaji 481 wa miaka 9 hadi 14 kwa miaka 10. Waliorusha zaidi ya iningi 100 katika mwaka mmoja walikuwa na uwezekano mara 3.5 zaidi wa kuumia vibaya: kufanyiwa upasuaji wa kiwiko au bega, au kuacha kurusha kabisa. Katika utafiti mwingine wa hapo hapo, uliotoka 2006, walilinganisha vijana waliopasuliwa na wale ambao hawakuwahi kuumia. Waliozoea kuendelea kurusha mkono ukiwa umechoka walionekana mara 36 zaidi kwenye kundi la waliopasuliwa. Mara thelathini na sita! Kwa hiyo kijana akimwambia kocha "mkono umechoka," hiyo ndiyo taarifa kubwa kuliko zote uwanjani siku hiyo, na asiwepo mzazi wa kumwita mwanawe legelege.

Sasa fainali. Mashindano yalikuwa ya siku tatu, Ijumaa hadi Jumapili. Ijumaa mrushaji wetu bora, ambaye ana miaka 15 na si yule aliyeumia kiwiko, alianza dhidi ya timu ngumu. Akina mama wawili wa kwetu na mzazi mmoja wa timu pinzani walikaa pamoja na madaftari, kila mrusho kijiti kimoja, cha tano kinakatiza vinne, na kila iningi ikiisha wanalinganisha. Alitolewa akiwa na 71. Tulishinda. Mirusho 71 ni siku tatu za mapumziko, maana yake Jumamosi hakuna, Jumapili hakuna, Jumatatu hakuna. Kocha alilijua hilo tangu Ijumaa jioni, kijana mwenyewe alilijua, na waliosoma jedwali walilijua.

Jumapili iningi ya tatu tulikuwa nyuma kwa 5 na wapinzani wamejaza besi zote, vile vituo ambavyo mpigaji huvikimbilia ili apate alama. Nilikuwa nimesimama nyuma ya benchi. Kijana alikuwa ameshavaa glavu, anagongagonga mpira kwenye kiganja, hamwangalii kocha usoni. Kelele za "Mwingize! Mwingize!" zilikuwa zinatoka kwetu sisi, si kwa wapinzani. Kocha alikwenda akakaa karibu naye, akamvua glavu taratibu, akaiweka mapajani mwake mwenyewe, ikabaki hapo mpaka mchezo unaisha.

Sisi hatukuwa wa kwanza kupita hapo. Mchezo huu tuliletewa na Wajapani, na mashindano yetu ya taifa tumeyaita Koshien kwa heshima ya uwanja wao ambako shule za sekondari hupambana. Vijana wetu wanajua hadithi za huko: Daisuke Matsuzaka mwaka 1998 akirusha mirusho 250 katika mchezo mmoja wa iningi 17, Kosei Yoshida mwaka 2018 akifikisha 881 katika mashindano mamoja. Zinasimuliwa kama za mashujaa. Lakini Wajapani wenyewe wamezitafakari, na kuanzia 2020 mrushaji wa sekondari haruhusiwi kuvuka mirusho 500 kwa wiki. Kwangu bado ni nyingi mno, ila wameweka mpaka.

Mwaka mmoja kabla ya mpaka huo, 2019, shule ya Ofunato ilifika fainali ya mkoa wa Iwate ikibakiwa na ushindi mmoja kwenda Koshien. Ilikuwa na Roki Sasaki, kijana aliyekuwa ameshafikisha kilomita 163 kwa saa. Katika mashindano hayo alirusha 194 katika mchezo mmoja, na siku moja kabla ya fainali alirusha 129. Kocha wake, Yohei Kokubo, hakumpanga. Walifungwa 12 kwa 2, na shule ikapokea simu za watu wenye hasira. Aprili 2022, akiwa Chiba Lotte, timu ya kulipwa ya Japani, Sasaki alicheza mchezo mkamilifu: wapigaji 27 walisimama mbele yake, hakuna aliyefika besi ya kwanza, na 19 aliwatoa kwa straiki, yaani kwa mirusho waliyoshindwa kuipiga. Wiki iliyofuata alikuwa amemaliza iningi 8 bila mtu kufika besi, na kocha alimtoa akiwa na mirusho 102.

Sisemi kupumzishwa kunamfanya mtu asiumie. Sasaki huyo huyo, mwaka huu, bega lilimweka nje kwa miezi akiwa na Dodgers, timu ya Los Angeles huko Marekani, akarudi Septemba. Mkono wa mrushaji hauna dhamana. Ninachosema ni kwamba alifika utu uzima akiwa nao.

Kuna baba alinitumia video ya Yoshinobu Yamamoto, mrushaji mwingine Mjapani wa Dodgers, akaniuliza mbona huyu Oktoba 31 alirusha 96, na kesho yake akarudi kumalizia mchezo wa saba wa fainali na Dodgers wakachukua ubingwa. Nimefurahi ameniuliza. Yamamoto ana miaka 27. Mifupa yake ilishafunga zamani, ana madaktari wanaomwangalia kila siku, na baada ya mchezo ule msimu wake ulikwisha. Mtoto wetu wa kidato cha pili alikuwa na mtihani wa shule Jumanne na mazoezi ya shule Alhamisi.

Sasa niingie kwenye kosa la fainali, maana kosa lilikuwepo, ila si pale mlipolitafuta. Kosa lilifanyika wiki mbili kabla, siku kamati ilipokaa kupitisha majina 14. Kocha aliomba warushaji sita. Sisi kamati tulimkatalia wa sita, tukaweka mpigaji mwenye nguvu, kwa kuwa tulikuwa bado tunafikiria kizamani: mrushaji mmoja mkubwa, wengine wa kujaza. Kati ya watano tuliowapeleka, wawili walikuwa hawajawahi kusimama kwenye kichuguu, kile kilima kidogo cha kurushia, katika mchezo wa kweli. Jumapili tukabaki na hao wawili, watoto wa watu, wakitetemeka. Jedwali la mirusho bila warushaji wa kutosha ni kumfunga kocha mikono halafu kumlaumu hakupiga makofi.

Kwa hiyo kamati inaleta kwenu mapendekezo myapigie kura leo. Mashindano yoyote ya zaidi ya siku moja, katika majina 14, wasiopungua saba wawe wamefundishwa kurusha, na kila mmoja awe ameshacheza walau iningi mbili za ushindani msimu huo. Hii ina gharama. Itabidi katika michezo midogo tumtoe mrushaji bora tukiwa tunaongoza, tumwingize anayejifunza, na mara nyingine tutapoteza mchezo tulioushika. Mzazi ambaye mwanawe ni mpigaji tu, anaweza kuachwa kwa ajili ya mrushaji wa saba. Nimeyasema waziwazi ili asije mtu akashangaa mwezi wa tatu.

Pia mdakaji. Anayedaka hurudisha mpira kwa mrushaji kila mara, na bega lake linachoka vilevile. Aliyedaka iningi nne asirushe siku hiyo, na aliyerusha 41 asidake. Tuna kijana mmoja anayeyapenda mambo yote mawili; mama yake ameshakubali achague.

Na miezi minne kila mwaka bila kurusha kabisa. Acheze mpira wa miguu, aogelee, amsaidie baba yake dukani.

La mwisho ni kadi. Kila kijana atakuwa na kadi moja ya mkono wake, popote anapocheza, na kocha wa shule ataandika humo kama tunavyoandika sisi. Walimu wengi wa michezo wamekubali. Wachache wamesema hawana muda; hao tutawafuata wazazi na kamati pamoja, kwa adabu, na ikibidi tutakaa wenyewe pembeni ya uwanja wao tuhesabu. Akina mama waliojifunza kuhesabu mwaka huu wamefika tisa, na wamejitolea kuwafundisha wengine Jumamosi ijayo.

Yule kijana wa mwaka jana mmemwona, ndiye aliyewagawia maji mlangoni. Mfupa umeunga. Daktari amemruhusu kuanza Januari kwa hatua kumi na tano, mirusho 25, siku moja anarusha, siku ya pili anapumzika. Ameniomba kadi yake iwe ya kwanza, na nimeiandika namba moja.

Kadi zilizobaki ziko mezani kwa katibu. Kila mzazi achukue ya mwanawe kabla hajaondoka, asaini, aache nakala. Namkaribisha mhazini.