Wifi, kile kisu

Wifi yangu,

Jina lako siliandiki. Mawifi ninao watano na wote mna midomo, kwa hiyo anayesoma hapa asijisumbue kukisia. Wewe utajijua tukifika kwenye vitunguu.

Ile sauti uliyonitumia Jumanne alfajiri bado ninayo kwenye simu. Sekunde 19. Hukusalimia, hukumuulizia hata kaka yako. Ulisema tu, "Mwanangu leo siku ya nne hajalala, anasema mtoto kabadilishiwa hospitalini. Vile vidonge vyako vilikuwa vinaitwaje?" Niliisikiliza mara mbili nimekaa kitandani, na kilichonijia kwanza, Mungu anisamehe, hakikuwa huruma. Nilisema moyoni: kumbe leo nimekuwa mtu wa kuulizwa.

Nikakupigia hapo hapo. Nilichokwambia wewe nakirudia kwa wengine: mgonjwa hapewi vidonge vya mtu mwingine, anapelekwa hospitali asubuhi hiyo hiyo, mtoto anabebwa na mtu mwenye akili zake, na mama haachwi peke yake na mtoto hata kwa muda wa mtu kwenda msalani. Mzazi wa siku nane asiyepata usingizi hata mtoto akilala, anayeongea mbio, anayeona mtoto si wake, huyo hadeki. Anaumwa. Madaktari wanauita saikosisi ya baada ya kujifungua, huwapata wazazi kama mmoja au wawili katika kila 1,000, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ulimpeleka. Kalazwa, katibiwa, karudi. Mwenyewe nimemuuliza kama naweza kuandika, akacheka kile kicheko chake, akasema, "Andika, mkaza mjomba, ila useme mwanangu mzuri."

Mtoto mzuri, mashaallah.

Sasa tuje kwetu.

Mwaka 2002 nilikuwa mimi. Wewe unayakumbuka yale kuliko mimi, maana kwangu zile siku zimebaki vipandevipande: moshi wa ubani, feni iliyokuwa ikinitaja jina, kanga ya mama mkwe iliyofunga mkono wangu kwenye mguu wa kitanda. Nilikuwa na siku sita tangu nijifungue. Niliamini maziwa yangu yameingia sumu, nikayakamua sakafuni, nikamkimbia mtoto asinishike. Mlimleta shehe, akaandika kombe kwa zafarani, nikanywa. Mkamleta na yule mzee wa Muheza, na kuku wake mweusi, na masharti yake. Sina kinyongo na shehe. Kombe halikunidhuru, na Yasini naisoma mpaka leo. Kilichonidhuru ni siku tisa. Siku tisa, wifi, ndipo mtu akakumbuka kwamba kuna daktari.

Hayo nimesamehe. Na kanga nimesamehe, kwa sababu nilikuwa mgonjwa kweli na nyinyi mlikuwa mmeogopa.

Tena nina deni kwako, na silikani. Wewe ndiye uliyembeba mwanangu siku ile na kumweka kwako miezi minane. Ulikuwa na wako wawili wadogo. Ulinunua maziwa ya kopo kwa pesa ya kuuza khanga zako mwenyewe, hilo niliambiwa baadaye na mtu asiyekupenda, kwa hiyo nina hakika ni kweli. Uliponirudishia, alilia siku tatu akikutaka wewe. Nilikaa naye uani, nikakuonea wivu na kukuombea dua kwa pumzi ile ile.

Lakini kuna mambo ya miaka iliyofuata ambayo wewe hukuyaona, kwa sababu ulikuwa ukija Tanga sikukuu mbili tu, na kila ukija unaniangalia macho kwanza kabla ya kunipa mkono. Hukuona jinsi mtu anavyopona. Labda ulidhani nililala kichaa nikaamka mzima.

Haloperidoli, dawa niliyopewa hospitali, ilinikakamaza shingo mpaka nikawa natazama dari. Mate yakinitoka kama mtoto anayeota meno. Watu wakiona hivyo wanasema ndiyo wazimu umezidi, kumbe ni dawa, na kuna dawa ya kuituliza, ni kurudi tu hospitali kusema. Nani angenirudisha? Kaka yako alikuwa safarini na lori. Alinirudisha yule bibi jirani yetu, marehemu sasa, aliyekuwa hajui kusoma. Vidonge vyangu alivifunga kwenye pindo la kanga yake, vya asubuhi fundo moja, vya usiku mafundo mawili. Sijawahi kukosa dozi mikononi mwake. Kila jioni ananiita barazani kwake, ananitupia miyaa ya kusukia mkeka, "Suka." Mikono inatetemeka, ukili unatoka kama njia ya konokono. Anaufumua, haniambii kitu, "Suka tena." Miezi mingapi? Sijui. Siku moja nilimaliza pima nzima hakuifumua.

(Nesi mmoja aliwahi kunisimulia kwamba Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye mawazo mazito, na kazi yao ikaja kupimwa kitaalamu ikaonekana inaponya. Nikamwambia nesi, mimi wangu alinitibu kwa miyaa, na wala hakufundishwa na mtu.)

Halafu kikoba, kikundi chetu cha kuweka akiba. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti, ili mtu asilifungue peke yake. Mwaka 2011 walinipa ufunguo mmoja. Katibu alisimama akauliza kama kuna mwenye neno, na mimi nikainama, nikajua sasa litasemwa. Halikusemwa. Wanawake 27, wote wa mtaa mmoja, wote waliwahi kuniona nikitembea barabara ya kumi na mbili bila viatu. Mmoja akasema, "Tuendelee, jua linazama." Wifi, ufunguo ule nimeufunga shingoni mpaka leo.

Sikuwa malaika, hilo nalo niliseme. Mtoto wa pili nilimzaa kwa mpango, daktari akijua tangu mimba ya miezi mitatu, maana ukishaumwa safari ya kwanza hatari ya kurudi ni kubwa, na dawa nilianzishwa siku ile ile ya kujifungua. Tukavuka. Lakini 2013 nilijiona nimepona kabisa, nikaacha vidonge wiki tatu, na wewe ulisikia yaliyotokea sokoni. Tangu hapo sijaacha. Ramadhani ikikaribia naenda mwenyewe kumuuliza daktari namna ya kupanga dozi kati ya futari na daku. Saa tatu usiku niko kitandani, hata wageni wawepo. Kahawa nimeacha. Nikianza kuona nguo zote za kabatini zinataka kufuliwa leo leo, usiku huu, najua, namwambia kaka yako, "Nichunge." Anakaa mlangoni na redio yake.

Basi tuje usiku wa kesha.

Harusi ya mwanangu. Huyo huyo. Masufuria yako uani, pilau la watu mia tatu, sisi wanawake tumekaa kwenye mikeka, mbele yangu gunia la vitunguu na kisu changu nilichotoka nacho nyumbani, kile cha mpini wa mti. Nakata, nalia machozi ya vitunguu, nacheka. Wewe ulikuja kutoka jikoni umejifunga leso kiunoni, shangazi wa bwana harusi, na ulikuwa na haki ya kutuamrisha wote. Ukasimama juu yangu. Ukainama, ukanishika kifundo cha mkono, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto wembe, ukasema, "Wifi, hebu lete hicho. Wewe nenda kachambue mchele."

Kisu ukakitoa. Ukampa msichana wa miaka kumi na minne.

Hakuna aliyesema kitu. Taarabu ilikuwa ikiendelea. Mama wa bibi harusi, ambaye alikuwa hajui lolote kuhusu mimi mpaka dakika ile, aliniangalia, halafu akamwangalia binti yake. Nikaenda nikachambua mchele. Nilichambua kilo ishirini na tano, na sikuona hata jiwe moja, maana sikuwa naona.

Miaka 23 napika nyumbani kwangu. Kila samaki kaka yako aliyekula nimempaa mimi. Wewe mwenyewe ulipokuja Idi, mbuzi nani alimkatakata?

Kaka yako anasema yaishe. Anasema uliogopa tu, na kwamba nilikuwa sijalala siku mbili. Ni kweli nilikuwa sijalala siku mbili. Ni kweli nilikuwa naongea sana na nacheka mpaka upande wa wanaume wanasikia. Mama gani wa bwana harusi analala? Mama gani hacheki? Angekuwa mwingine ingeitwa furaha. Kwangu ikawa dalili. Na kwa kuwa nimeamua kusema kweli hapa, niseme yote: alfajiri ile nilipofika chumbani nilimeza kidonge cha akiba, kile daktari aliniachia kwa siku kama hizo. Kwa hiyo huenda uliona kitu. Huenda uliona kabla yangu. Basi ungeniita pembeni! Ungeniambia sikioni, "Wifi, macho yako yamechoka, twende ukalale, vitunguu nitamalizia mimi." Ningekufuata. Wallahi ningekufuata. Ulivyofanya wewe, uliniponya na kuniua kwa mkono mmoja, tena mbele ya wakwe.

Nilitaka nikuandikie namna ya kukaa na binti yako, na naona nimeandika habari zangu. Ndivyo nilivyo. Lakini yasome tena, yamo humo humo. Usimtazame macho kabla ya kumpa mkono. Dawa zake zishikwe na mtu mmoja anayejulikana, si leo wewe kesho mama mkwe wake. Usingizi wake ulinde kama unavyolinda pesa, mtoto akiamka usiku anyanyuke mwingine. Kuhusu kunyonyesha, muulize daktari kwa kila dawa aliyopewa, maana nyingine zinaingia kwenye maziwa na nyingine unaambiwa endelea. Akikwambia shingo inamvuta, ni dawa, mrudishe. Majirani watakuja na majina ya waganga; pokea, shukuru, mfungulie mlango wa kutokea. Na akipata nafuu mpe kazi. Kazi ya kweli. Mwache amwogeshe mwanawe wewe ukiwepo, ukae karibu, usimshike mkono. Itafika siku utatoka uende dukani umwache naye, na moyo utakudunda kama wa kwangu ulivyodunda siku waliyonipa ufunguo. Toka hivyo hivyo, daktari akikubali.

Mimi hakuna aliyenifanyia hivyo kwenye ukoo wenu. Walionifanyia ni watu baki.

Najua utasema ninakuvua nguo mbele za watu. Na wewe ulinivua wapi?

Haya. Kaka yako ameshanikatia tiketi. Jumamosi nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi, nitafika kwako kabla ya adhuhuri. Nakuja na mkeka mpya, nimeusuka kwa ajili ya mtoto, una rangi ya zambarau ambayo hukuipenda kwenye ule mwingine, utavumilia. Usiku nitalala chumba kimoja na binti yako, mtoto akilia nitaamka mimi mpaka saa tatu, ukishapiga tatu ni zamu yako, na mimi unijue nimelala. Kidonge changu nitameza mbele ya binti yako, aone namna mtu mzima anavyomeza na kuendelea na hadithi.

Mchana nitampikia supu ya mzazi, yenye pilipili manga nyingi. Kuku mnunue nyinyi. Kisu changu nitakuja nacho kwenye mkoba, kile cha mpini wa mti. Nilikiokota asubuhi ya harusi chini ya sufuria. Nitakapokaa kukata vitunguu, kaa mbele yangu umenye vitunguu swaumu. Tusiongee kama huwezi.

Wifi yako.