Jina la Shapiro na Mji wa Speyer

Mpendwa rafiki yangu Salim,

Natumai barua hii itakukuta salama, wewe na jamaa wote. Umeniuliza asili ya jina la Shapiro, ambalo mwalimu wako wa chuoni analo, nami nakujibu kwa furaha kwani historia hii hunigusa sana.

Wataalamu wengi hulihusisha jina hilo na Speyer, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhine, ambao kwa Kilatini uliitwa Spira. Mwaka 1084 Askofu Rüdiger aliwakaribisha Wayahudi wahamie hapo, akawapa hati ya haki zao na kuwazungushia ukuta ili wasibughudhiwe, akiamini kwamba kuwapo kwao kungeuongezea mji heshima. Miaka 12 tu baadaye, tarehe 3 Mei 1096, wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliwashambulia na kuua watu 11. Waliobaki walinusurika kwa kuwa Askofu Johann aliwapa hifadhi, ilhali katika miji jirani ya Worms na Mainz waliuawa mamia. Birika lao la kujitwaharisha, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 12, lingalipo: unashuka ngazi za mawe kiasi cha mita 10 hadi kuyafikia maji ya ardhini.

Mwaka 1349, wakati wa tauni, Wayahudi wa Speyer walisingiziwa kutia sumu visimani, wakauawa. Katika karne zilizofuata wengi wa Wayahudi wa Ujerumani walielekea Bohemia na Poland, na wenye asili ya Speyer wakaendelea kuitwa kwa jina la mji huo, kama Rabi Nathan Nata Spira aliyefariki Krakow mwaka 1633. Hivyo Kaisari Joseph II wa Austria alipowaamuru Wayahudi mwaka 1787 wawe na majina ya kudumu ya ukoo, wao walikuwa nalo zamani. Nawastahi kwa hilo, kwamba walilitunza kwa hiari jina la mji uliowatendea wazee wao ukatili mkubwa namna ile.

Hata hivyo, usidhani kwamba akina Spira, Spiro, Szapiro na Shapiro wote ni damu moja, kwa maana yeyote aliyetoka Speyer aliweza kuitwa hivyo. Mwalimu wako akitaka kuwajua wazee wake, aanze na mji alioishi babu yake kabla ya kuhamia Marekani, kisha atazame jinsi jina lilivyoandikwa katika kumbukumbu za huko.

Wako akupendaye,
Yusufu