Kabla ya kupanda Sabarimala wanapita msikitini kwanza

Ndugu Mhariri,

Kuna msomaji mwenzangu aliandika kwenye ukurasa huu kwamba Mwislamu au Mkristo hana shughuli yoyote kwenye hekalu la Wahindu, na akienda hata kutembea tu ameshaidharau dini yake na ya wenyewe pia. Mimi ni Mwislamu, mtu wa Tanga, na naomba nafasi nimjibu kwa adabu kabisa, manake kuna mahali nimefika ambapo wenyewe walishalimaliza suala hili zamani sana.

Panaitwa Sabarimala, hekalu la Wahindu juu ya mlima, jimbo la Kerala, kusini mwa India. Nilikuwa Kochi, mji wa huko huko Kerala, nimempeleka shangazi hospitali, si mnajua Watanzania tunavyokwenda India kutibiwa, na dereva aliyekuwa anatupeleka na kuturudisha alikuwa kwenye mfungo wao wa kabla ya kwenda kuhiji huko mlimani. Siku 41 hawali nyama, hawagusi pombe, hawalali na wake zao, hawanyoi, wanavaa nguo nyeusi au bluu na shanga shingoni na wengi wanatembea peku. Na mtu akishazivaa zile shanga haitwi tena jina lake, anaitwa Swami, awe tajiri awe mbeba mizigo, wote Swami. Nikamuuliza, kaka, mimi nisiye wa dini yenu naruhusiwa kwenda? Akasema twende, ila tutaanzia msikitini.

Nilidhani sijamsikia vizuri. Kumbe njiani kuna mji unaitwa Erumeli, na katikati ya mji kuna msikiti wa Vavar, na mahujaji wa Kihindu wanaokwenda mlimani wanapita pale kwanza, wanauzunguka msikiti, wanatoa sadaka, halafu ndio wanaendelea. Wenyewe wanasimulia kwamba Vavar alikuwa Mwislamu shujaa, wengine wanasema alikuja kwa bahari, akapigana na Ayyappa, huyo ndiye mungu wa kule mlimani, halafu wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Sasa mimi nimesimama pale namwona mtu mwenye majivu usoni anauzunguka msikiti kwa heshima zote, na ndani watu wanajiandaa kuswali Adhuhuri, hakuna anayemkera mwenzake. Ndugu yangu uliyeandika ile barua, nilikukumbuka hapo ingawa ulikuwa hujaiandika bado.

Baada ya Erumeli unaingia msituni. Hekalu liko ndani ya hifadhi ya simbamarara ya Periyar, kilomita za mraba 925, tembo wapo, simbamarara wapo, na wale wanaofuata njia ya zamani wanatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 40 humo humo, wanavuka mto Azhutha, wanapanda mlima Karimala na mzigo wao kichwani. Sisi tulikwenda kwa gari mpaka Nilakkal, manake baada ya mafuriko ya Agosti 2018 kuharibu majengo ya Pampa, pale chini ya mlima, magari binafsi yakawa yanaachwa huko na watu wanamaliziwa kwa mabasi. Pampa ni mto, watu wanaoga, halafu ndio mpando wenyewe unaanza, kama kilomita 5 hivi, na pale Neelimala pamesimama haswa, mtu mzima anapumua kwa mdomo. Kuna vituo vya oksijeni na vya madaktari wa moyo njiani kwa sababu watu wanaanguka kweli, na kuna maji ya moto ya tangawizi unapewa bure. Wazee na wagonjwa wanabebwa kwenye kiti cha miti na wanaume wanne, wanapita wanapiga kelele mpishe njia, jasho linawatiririka, na wale wabebaji nao wako peku. Huku juu miti imefunga mpaka jua la saa nane hulioni vizuri, na sauti za watu wanaomwita Ayyappa zinasikika toka chini mpaka juu bila kukatika.

Juu kabisa kuna ngazi 18, na ngazi hizo hapandi mtu yeyote kama hana mzigo wa ibada kichwani, ule wenye nazi iliyojazwa samli. Mimi sikuwa nao kwa hiyo nikapitia mlango wa upande wa kaskazini, kuna njia yake. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Dini niliulizwa na mtu mmoja tu, Mwislamu mwenzangu, kwa sababu palepale juu karibu na hekalu pana sehemu ya Vavar, inaangaliwa na Mwislamu, anawapa mahujaji pilipili manga kama baraka. Nilimtolea salamu akaitikia, akaniuliza natoka wapi, akanijazia pilipili mkononi. Na usiku wakifunga hekalu sauti inayopigwa kwenye spika ni ya Yesudas, mwimbaji mkubwa sana wa Kerala, aliyezaliwa Mkatoliki.

Sisemi kila kitu pale kiko sawa. Dada yangu tuliyekuwa naye Kochi hakuja, kwa sababu desturi ya pale inakataza wanawake wa kati ya miaka 10 na 50, wanasema Ayyappa ameapa kutooa. Mahakama ya juu kabisa ya India iliamua Septemba 2018, majaji wanne kwa mmoja, kwamba wanawake wote waruhusiwe, ikawa vurugu kubwa, wawili wakaingia Januari 2019 wakilindwa na polisi, na mwaka huo huo kesi ikapelekwa mbele ya majaji wengi zaidi. Mimi liliniuma, na dereva nilimwambia wazi, na yeye akanijibu mama yake mzazi mwenyewe anaitaka desturi ibaki. Tulibishana njia nzima ya kurudi na hatukugombana.

Na msongamano nao ni wa kuogopwa, Januari 1999 walikufa zaidi ya watu 50 pale Pampa, na Januari 2011 zaidi ya 100 sehemu inaitwa Pulmedu. Ndio maana siku hizi foleni unaifanyia buking kwenye intaneti kabla hujatoka nyumbani.

Kwa hiyo ombi langu kwa msomaji yule, yeye au ndugu yake akijaaliwa kuwa Kerala kati ya Novemba na katikati ya Januari, hata kama hataki kupanda mlima, afike Erumeli tu. Aswali Adhuhuri kwenye msikiti ule, akitoka akae kidogo uani awaangalie wanaopita, halafu atuandikie tena hapa hapa, nitaisoma barua yake.

Msomaji wenu,
Tanga