Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tulivyosoma Visa vya Mawasiliano ya Biashara

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za wanachama wapya anazo katibu. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa jambo lililotushughulisha mwaka mzima, yaani namna tunavyochambua visa.

Tulianza na Tylenol, dawa ya kutuliza maumivu. Mwaka 1982 watu saba walikufa katika eneo la Chicago baada ya kumeza vidonge vyake vilivyotiwa sumu ya sianidi, na Johnson & Johnson, watengenezaji wa dawa hiyo, wakaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31. Karibu kila uchambuzi ulisema kampuni ilisema kweli mapema, ikaokoka. Sawa, lakini hakuna aliyeuliza sumu iliingilia wapi. Iliingia dawa ikiwa imeshatoka kiwandani. Kampuni ilikuwa imedhulumiwa pamoja na wateja wake, na maneno ya aliyedhulumiwa hayamfai mwenye kosa.

Kisha tukaja kwenye Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani, na hapo tulikaa sana. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi zake za kurushia, waliwaeleza NASA, shirika la anga la Marekani, kwa simu ya pamoja kwamba baridi ingedhoofisha pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi. Wakashauri chombo kisirushwe. Wakabanwa kwa maswali, wakuu wao wakaomba faragha, wakarudi na ruhusa. Kesho yake chombo kilivunjika sekunde 73 baada ya kuruka, na wote saba waliokuwamo wakafa.

Wengi wetu tuliandika kwamba wakubwa hawakusikiliza. Kamati ikaomba tusome upya, safari hii kama watu wasiojua ya kesho. Ndipo tukaona kwamba mjadala wa joto uliegemea safari ambazo pete hizo zilipata hitilafu tu, na mojawapo ilirushwa siku ya joto; msikilizaji angeweza kudhani baridi haihusiki. Tume ya uchunguzi ilipoziweka na safari salama kando yake, picha ikageuka: safari zote nne za nyuzi 63 za Farenhaiti au chini yake zilikuwa na hitilafu, ilhali kati ya 20 za nyuzi 66 au zaidi ni tatu tu. Ushahidi wahandisi walikuwa nao, ila haukupangwa ukaonekana. Hilo haliwaondolei lawama wakuu waliotaka hatari ithibitishwe, badala ya kutaka usalama uthibitishwe.

Tangu hapo kazi zenu zimebadilika, nami nimefurahi mno. Mwanachama mmoja alipochambua kisa cha shirika la ndege la United Airlines cha 2017 hakuishia kuilaumu taarifa ya kwanza ya mkurugenzi mkuu, iliyoomba radhi kwa kulazimika kuwapangia abiria safari nyingine. Aliuliza iliandikiwa nani, maana video ya abiria akiburutwa kutolewa ndegeni ilikuwa imeshaenea.

Tunapokwama bado ni kwenye mapendekezo. "Kampuni iboreshe mawasiliano" ni sentensi isiyomtaja mtu wa kuitekeleza, nayo bado inajirudia kazi baada ya kazi. Mtu hajui ugumu wa ujumbe mpaka auandike mwenyewe.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja moja ya kupigiwa kura leo: kuanzia mwaka ujao, kila uchambuzi uambatane na barua au tangazo lenyewe ambalo mchambuzi angelituma, likitaja linatoka kwa nani, linakwenda kwa nani, kwa njia gani na siku gani. Naomba mwenye maoni anyooshe mkono kabla hatujapiga kura.