Shawa ya umeme inakupiga shoti "kidogo tu"? Soma hii kwanza

Simu tunazopokea sana ni hizi, "fundi nikishika bomba la shawa napigwa shoti ila kidogo tu." Jamani bafuni hakuna shoti kidogo. Ngozi ikilowa inapitisha umeme kirahisi, upo pekupeku kwenye maji, umeme wenyewe volti 230, leo umestuka ukaruka, kesho unalishika bomba kwa nguvu mkono haubanduki.

Wengi wanatujibu "lakini breka ipo". Breka ya shawa, tuseme ya ampea 32, kazi yake ni kulinda waya zisiungue. Mtu akipitiwa na miliampea 10 hivi tu misuli inakaza anashindwa kuachia, ikizidi 30 moyo unaweza kuvurugika, na hapo breka hata haijastuka! Kinachomlinda mtu ni RCD ya miliampea 30, ile yenye kitufe cha T, inakata fasta umeme ukianza kuvuja. Na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ufike kweli kwenye ethi rodi, ile nondo iliyochimbiwa ardhini, sio umekunjwa tu ndani ya boksi, hiyo tunaikuta sana na inatuuma.

Sasa mtu akinasa, usimshike, mtanasa wote. Zima meni swichi, ndo maana kila mtu nyumbani mpaka dada wa kazi inabidi ajue iko wapi. Haifikiki? Simama kwenye kitu kikavu kama ubao, msukume kwa mpini wa mbao mkavu. Hiyo ni kwa umeme wa ndani tu, waya wa nguzo ukidondoka kaa mbali kabisa, mita 10 au zaidi, piga TANESCO wakate kwanza.

Akishatoka muite, angalia anapumua? Kama hapumui au anatweta kwa kukoroma mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua ukandamize kwa nguvu, kifua kishuke sentimita 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na usiache mpaka apumue au msaada ufike, mwingine ndo akatafute gari. Usimpe maziwa, hayatoi umeme mwilini, na asiyejitambua ukimnywesha atapaliwa. Palipoungua weka maji ya bomba dakika 20, dawa ya meno hapana. Hata akisema yuko poa mpeleke hospitali, kwa sababu umeme unaweza kuunguza ndani ulikopita wakati juu unaona kadoa tu, na mapigo ya moyo inabidi yapimwe.

Tukija kwako tunapima ethi, tunabonyeza RCD kama inakata, tunaangalia pia laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zisiwe zimegeuzwa, maana zikigeuzwa unazima swichi ya shawa huku umeme bado umo. Kama umeshawahi kustuka humo bafuni zima breka ya shawa sasa hivi, ogeeni maji ya ndoo, halafu tupigie.