Wifi yangu, simu zilale sebuleni

Wifi yangu mpenzi,

Jumapili ile ulipompokonya mwanao simu, akajibwaga chini akalia hadi majirani wakachungulia, niliuona uso wako. Ulidhani tunakucheka. Mama akatoa lile neno lake la "watoto wa siku hizi", nami nikainamia sahani ya pilau, kwa sababu wa kwangu wakati huo alikuwa amejifungia chooni na simu ya babu yake. Sikukwambia. Leo nakwambia.

Nimeshajaribu mengi. Niliweka mchoro wa kufungulia simu. Mtoto wa miaka saba akausoma kwenye kioo, mafuta ya vidole vyangu yameacha njia nzima. Nikaacha kununua bando, akajua kumwomba kijana wa dukani amrushie intaneti. Nikapakua Family Link, ile programu ya Google ambayo mzazi anapanga dakika za matumizi na simu ikajifunga usiku. Inasaidia, sikatai, ila inafunga ile uliyoipangia tu. Ya babu haimo, ya dada wa kazi haimo.

Siku moja nikakaa naye nitazame anachotazama. Katuni ya kwanza ilipokwisha, ya pili ikaanza yenyewe, hajagusa kitu. Ikaja ya tatu. Kumbuka enzi zetu: katuni zina saa yake, zikiisha taarifa ya habari inaingia, baba anashika rimoti, basi. Hatukuwa na adabu kuliko hawa. Kipindi kilikuwa kinaisha. Hiki cha sasa hakiishi, halafu tunataka mtoto ndiye akimalize, na sisi wenyewe saa sita usiku bado tunapekua status za watu.

Wenzetu Australia, tangu tarehe 10 Desemba 2025, kazi ya kuhakikisha walio chini ya miaka 16 hawana akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii wamezitwika kampuni zenyewe. Huku kwetu mzigo ni wa mama, na lawama pia ni zake.

Ila kuna moja, wifi, nisamehe. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa moja kwa siku. Yule wako wa miezi kumi hali uji bila simu. Nimekuona.

Kwangu sasa ikifika saa mbili usiku simu zote zinalala juu ya kabati la sebuleni. Aliyenuna zaidi ni baba yao, eti matokeo ya mpira atayajuaje. Na sipokonyi tena katikati. Nasema mapema, "Katuni hii ikiisha, niletee simu," nasimama hapo hapo hadi iishe. Ananung'unika, lakini analeta. Siku nyingine nashindwa: juzi nilikuwa na oda ya maandazi, nikampa mwenyewe, akakaa nayo hadi chaji ikaisha.

Likizo ya Juni mlete huku Tanga. Babu yao nimeshaongea naye, amekubali simu yake ikae kwenye mfuko wa koti. Ila usimwambie mwanao koti lipi.

Wifi yako