Barua kwa Sudi: usiuache mchezo kwa sababu ya dadu

Ndugu yangu Sudi,

Asalaam aleikum. Huku Tanga hatujambo. Mama anakusalimu sana, goti linamsumbua siku za mvua tu, na anauliza kama shemeji ameshazoea joto la Muscat. Mimi mzima wa afya. Salamu nyingine utazipata kwa Mwalimu, maana mimi nina neno moja limenikaa rohoni tangu nisikie ule ujumbe wa sauti uliomtumia.

Umesema hurudi tena Wesnoth, ule mchezo wetu wa vita wa kompyuta, wa kupokezana zamu. Umesema ule mchezo ni dadu tupu, anayeshinda ni aliyeamka na bahati, na kwamba afadhali bao la mzee wako, kwa kuwa kete za bao hazimdanganyi mtu. Mwalimu alicheka. Mimi sikucheka, Sudi. Nilikaa kimya nikaona kwamba tunampoteza mchezaji mzuri kuliko wote tuliowahi kuwa nao pale kibarazani, na tunampoteza kwa hoja ambayo siikubali.

Najua kinachokuuma. Askari wako wa mkuki alikuwa kijijini, amejikinga vizuri, kila pigo la adui lina nafasi 40 tu kwa 100 ya kumpata. Kiunzi cha jeshi la Wafu, yale mafupa yanayotembea, kikaja na shoka, kikapiga mara tatu, zote tatu zikaingia. Ukafunga kompyuta. Hesabu yake naijua: kupata tatu kwa tatu hapo ni 6.4 kwa 100. Ni jambo la nadra, ndiyo. Lakini katika mechi moja mashambulizi ya namna ile yanafika hata ishirini, na ukijaribu mara ishirini, uwezekano wa balaa hilo kukukuta angalau mara moja ni kama 73 kwa 100. Kwa hiyo tuliache swali la kama litakuja. Litakuja. Mimi nauliza litakukuta umesimama wapi na nani yuko nyuma yako.

Ngoja nikusimulie, maana bila mfano tutabishana mpaka Ramadhani.

Yule Mjerumani unamkumbuka? Yule asiyeandika neno hata moja mpaka mechi iishe, halafu anaandika "mechi nzuri" hata akipigwa. Tumecheza naye mechi tatu, mshindi ni wa mbili. Ya kwanza sina la kusema sana: nilipangiwa Majoka, yeye akapata jeshi la Mfalme, na joka mbele ya mikuki unajua mwenyewe. Ngozi yao mkuki unaipenda, na mwili mkubwa ule haujifichi popote. Akanimaliza mapema.

Ya pili nilikuwa na Knalgans, kundi lenye vibeti, dhidi ya jeshi lake la Waasi. Hapo ndipo nikuulize kitu. Mwisho wa mechi jemadari wake alikuwa kwenye ngome, amebakiwa na uhai 15. Nilikuwa na wapiga bunduki watatu wa kibeti wa kumfikia. Bunduki ile inapiga mara moja tu kwa zamu, ikipata inatoa 18. Ngome inampa yeye kinga, kwa hiyo kila risasi ni 40 kwa 100. Ya kwanza ikapita hewani. Ya pili ikapita. Ya tatu ikampata, mechi ikaisha. Najua utakavyosema: "Si unaona! Bahati!" Lakini fanya hesabu, ndugu yangu. Risasi moja ni 40. Risasi tatu, kwamba angalau moja impate, ni 78 kwa 100. Na zile bunduki tatu hazikufika pale kwa dadu. Nilizitembeza zamu kwa zamu milimani, kibeti akiwa mlimani ni shida kumng'oa, na huku Fundi amesimama nyuma ya kiti changu ananiambia, "Shambulia sasa, shambulia sasa." Nilingoja mpaka zote tatu zikae sawa.

Basi ikabaki ya tatu. Hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Ramani Freelands. Mimi jeshi la Mfalme, jemadari wangu luteni. Yeye Wafu. Yaani kisa kilekile chako, mikuki dhidi ya viunzi, na mkuki kwa kiunzi unapita katikati ya mbavu: asilimia 60 ya nguvu yake inapotea. Nilipoona ni Wafu tu, dhahabu yote iliyofuata niliipeleka kwa wachawi wa moto, 20 kila mmoja, na yule mzee wa deraya mwenye rungu. Tulianzia alfajiri. Zamu ya pili na ya tatu mchana, tukagawana vijiji kwa amani, popo wake mmoja akanizungukia nyuma kuniibia kijiji, nikamfukuza. Zamu ya nne magharibi ikaingia. Nikaona viunzi vinasogea, na nyuma yao wale wanafunzi wa uchawi wa giza.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Kiunzi anapiga 7, mara tatu. Usiku anaongezewa robo, inakuwa 9, jumla 27 yote yakiingia. Mchana anapunguziwa robo, inakuwa 5, jumla 15. Shoka lilelile, mkono uleule. Askari wangu wa mkuki ana uhai 36. Usiku viunzi wawili wanaweza kumzika kwa zamu moja. Mchana wawili haohao, hata wakipata mapigo yote sita, wanatoa 30 na bado yu hai. Hakuna dadu lililobadilika, Sudi. Jua ndilo lililobadilika, na jua linafuata ratiba ambayo sote wawili tunaiona juu ya skrini!

Nikarudi nyuma. Niliacha vijiji vitatu vyangu bila kurusha hata mkuki. Fundi alishika kichwa. Lakini hesabu yake ni hii: kijiji kinaleta dhahabu 2 kwa zamu. Vitatu kwa zamu mbili za usiku ni 12. Hata ukiongeza kwamba 12 hizo zinaingia kwake, tofauti ni 24. Askari wawili wa mkuki ni 28, na ningebaki pale ningewapoteza wawili kwa uchache, na labda mchawi juu yake. Nahodha anayengoja kusi hamwiti mtu yeyote mwoga, na mimi nilikuwa nangoja asubuhi.

Mbele niliwaacha wapanda farasi wawili peke yao, wamepishana nafasi kidogo, maana unajua adui akikanyaga kijumba cha ramani kinachopakana na askari wako lazima asimame. Wawili wale wakafunga njia nzima. Shoka haliwaumizi sana kama linavyowaumiza wa mikuki. Mmoja alibaki na uhai 6. Sita! Nilimtoa nikampeleka kijijini akapone 8 kwa zamu, mwingine akaingia mahali pake. Usiku ule wa zamu ya tano na ya sita sikupoteza mtu hata mmoja. Yeye alikuwa na vijiji vyangu vitatu, na jeshi lake limetawanyika kuvikalia, na alfajiri inakuja.

Zamu ya nane, asubuhi. Luteni nikamtoa ngomeni, nikamweka katikati. Luteni akiwa pembeni yako na wewe ni wa daraja la chini, unapata robo nyingine. Mchawi wa moto anapiga 7, mara tatu. Ongeza robo ambayo jeshi la Mfalme linapata mchana, ongeza robo ya luteni, halafu kumbuka kiunzi anaogopa moto: inafika 13 kwa pigo. Tatu ni 39. Kiunzi ana uhai 34. Yaani mchawi mmoja peke yake angeweza kummaliza, na uchawi unapata 70 kwa 100 popote alipojificha, hata kijijini.

Nikamtuma wa kwanza. Akakosa. Akakosa. Akakosa.

Mara tatu, Sudi! Hiyo ni 2.7 kwa 100. Ni mbaya kuliko ile iliyokufanya uondoke. Fundi alitoka nje kabisa akaenda kununua kahawa.

Na unajua nilipoteza nini? Hakuna. Kiunzi hana silaha ya mbali, kwa hiyo mchawi wangu hakuguswa hata ukucha. Nyuma yake kulikuwa na mchawi wa pili; akapata mawili kati ya matatu, 26, kiunzi akabaki na 8. Akaja mzee wa deraya. Rungu kiunzi analiogopa sawasawa na moto; kinachowazidi hao ni vitu vitakatifu tu. Akiwa na luteni na mchana, pigo moja ni 20. Alihitaji moja kati ya mawili. La kwanza likaingia, mifupa ikamwagika. Ingekuwa yamekosa yote, nilikuwa na mpanda farasi amekaa tayari upande wa kusini wa kijiji, sikuwa nimemtumia bado. Hilo ndilo ninalotaka ulione: nilihesabu kabla kwamba mambo yatakwenda kombo, nikaliwekea mahali pake.

Wale wanafunzi wa giza nao ukiwafikia karibu hawana cha kujibu, hata fimbo hawana. Mmoja alikuwa na uhai 28, mkuki mchana ni 9 mara tatu, 27, zote zikaingia akabaki na mmoja! Nikacheka peke yangu. Farasi akamalizia. Zamu ya tisa bado ni mchana, nikaendelea hivyohivyo, na ilipofika magharibi ya pili hakuwa tena na jeshi la kutisha usiku wowote. Nilirudi hatua chache tu safari hii. Zamu ya kumi na tano jemadari wake, yule mchawi mkuu wa giza, alianguka kwenye ngome yake. Akaandika "mechi nzuri". Halafu, jambo ambalo hajawahi, akaongeza swali: kwa nini niliviacha vile vijiji?

Nimekaa na swali hilo siku kadhaa. Mtu hodari vile haulizi habari za dadu. Anauliza vijiji.

Na kuna jingine nililotaka kusema kuhusu... basi, nitakuambia tukionana. Ila hili usilisahau: mchezo huu David White aliuanzisha mwaka 2003, na mpaka leo unaendelezwa na watu wa kujitolea, bure, hauuzi upanga wala uhai wa ziada kwa mtu yeyote. Mtoto wa jirani mwenye kompyuta kuukuu na bando dogo anakaa mezani sawa na mtu wa Berlin. Shemeji kaniambia simu yako siku hizi imejaa michezo ya kununua almasi. Sudi! Wewe uliyetufundisha kuhesabu saa za mchana! Unamlipa mtu almasi ili akushindishe, halafu unalalamikia dadu?

Sasa ombi langu. Mjerumani ana mwenzake, na wanataka wawili kwa wawili, ramani ya Isar's Cross. Ramani ndogo, unaijua, hakuna pa kujificha, majeshi yanagusana mapema. Siwezi kwenda na Fundi, anashambulia usiku. Mwalimu ana mitihani ya kusahihisha. Nakutaka wewe.

Nimekutumia rekodi ya mechi ya tatu. Ifungue, lakini simamisha mwanzoni mwa zamu ya tano, kabla sijatembeza mtu. Itazame ramani kama ni yako. Ungeviacha vijiji vile vyote vitatu, au ungeshika kile cha mashariki kilicho karibu na maji? Mimi bado nakifikiria kile. Ungemweka nani mbele badala ya farasi? Na ile mechi yako iliyokuudhi, rekodi yake bado unayo au umeifuta? Kama unayo nitumie. Niambie kiunzi alipompiga yule askari wako, ilikuwa zamu ya ngapi, usiku au mchana? Nyuma yake ulikuwa na nani? Jumamosi saa tatu usiku ya huku ni saa nne ya kwenu, je, utakuwa umetoka kazini? Ukija, utachukua kundi gani, au tuache seva itupangie? Na intaneti ya hapo nyumbani inatulia usiku?

Nijibu mwenyewe, usimtume Mwalimu.

Ndugu yako,
Hamisi

Chaja uliyoiacha kwa mama ipo, atakuletea binamu yako akisafiri mwezi ujao.